Mama Mkwe Mezani

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimepata kazi. Kuosha sahani kwenye malewa ya Mama Berthe, hapa mtaa wa Kabondo. Malewa ndiyo migahawa yao midogo — meza tatu, mabenchi, turubai juu, moshi kila mahali. Kigoma nilikuwa karani wa mabasi, shati limepigwa pasi, abiria wananiita bosi. Hapa sijui Kifaransa, kwa hiyo sijui kitu.

Mama Berthe aliniuliza jina. Timotheo, nikasema. "Timothée," akanisahihisha, na wote jikoni wakaniita hivyo hivyo. Kiswahili changu kinawachekesha. Wanasema naongea kama redio.

Jioni nikamwambia Emilie. Kwake bado mimi ni Timo, afadhali. Lakini hakufurahi. Yeye mwalimu wa shule, mwanamume wake anaosha vyombo — ataonekanaje? Eti majirani wakiniuliza niseme mimi ni gérant, yaani meneja. Gérant wa nini, wa masufuria? Nimevuka ziwa kumfuata huyu mwanamke, nimekaa njiani mpaka miguu ikavimba, na sasa ananichagulia uongo wa kuwaambia majirani.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimetwanga lituma. Ni ndizi za kuchemsha, unazitwanga mpaka zishikane donge. Kumbe huku ni kazi ya wanawake. Wateja waliacha kula wakaja kutazama mwanamume anavyotwanga. Mmoja akanipiga picha.

Malengelenge mikono yote miwili. Emilie kasema nipake mawese. Asante, daktari.

Ijumaa, 11 Oktoba

Kituko. Papa Bavon, fundi baiskeli, hula hapa kila mchana. Leo ndiyo kwanza amemega tonge, mama mmoja mtu mzima akachungulia ndani. Bavon akainuka kama aliyemwagiwa maji ya moto, akapita jikoni, akaruka ndoo zangu, akatokea nyuma. Yule mama naye akajifunika uso kwa kitambaa, akageuka, akaenda zake. Nikadhani wana kesi.

Mama Berthe alicheka mpaka akakaa chini. "Ule ni bokilo yake. Mama ya bibi yake. Bokilo haweze kula mbele ya bokilo. Hata njaa iko naua mutu."

Mama mkwe, basi, na mkwe naye ni bokilo vilevile. Bibi yangu kule Kasulu alikuwa akisimulia mambo kama haya, nikadhani yalizikwa naye. Hapa yako hai na yanaruka ndoo.

Nikauliza: na mama mkwe akiamua kula tu, mbele ya mkwewe? Mama Berthe akaacha kucheka.

"Akule mbele yako? Bon, kwake weye si bokilo. Weye ni mutu tu."

Nimelifikiria hilo mchana kutwa. Sina ndoa. Naishi chumbani kwa Emilie kama mzigo uliosahauliwa stendi. Laiti angekuwepo mama mmoja katika mji huu wa kunikimbia.

Jumapili, 13 Oktoba

Mama yake Emilie anakuja kutoka Opala. Mama Gertrude. Nikamuuliza Emilie kama amemwambia habari zangu. "Nilimuambia yote." Yote ni yapi? Kwamba nimemfuata, kwamba nataka kumwoa. Kwamba naosha sahani? Hata hiyo. Na mama akasema nini?

"Iko nakuya kuona."

Akiridhika, wajomba watakaa na mimi tuzungumze mahari. Asiporidhika? Emilie alikuwa anasahihisha madaftari, hakuinua kichwa. "Mama akikataa, hakuna mutu atasema ingine." Hata yeye? Akaendelea kusahihisha.

Na nihame. Nilale malewani mpaka mama aondoke. Heshima, anasema, bokilo hawalali nyumba moja. Mwanzoni niliudhika. Halafu nikafurahi kama mjinga — kama ni heshima ya bokilo, basi mimi ni bokilo.

Jumatano, 16 Oktoba

Amefika kwa boti. Mama Berthe alinifundisha kila kitu: simama mbali, macho chini, usikae, usiguse chakula. Nikafanya hivyo hivyo uani kwa Emilie. Wakaleta kiti, nikakataa. Wakaleta wali na samaki, nikakataa, na sikuwa nimetia kitu tumboni tangu asubuhi. Mama Gertrude akacheka. "Uyu Mutanzania haone njaa?"

Nikaichukua kuwa sifa.

Nimelala juu ya benchi na mbu wote wa mto Tshopo. Lakini tangu nifike mji huu sijawahi kulala na furaha kama hii.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mchana. Naandika nyuma ya jiko, nimesimama, daftari juu ya pipa la maji. Wapo pale mezani.

Niliwaona wakivuka barabara, Emilie na mama yake. Nikafanya kama Bavon — nikaruka ndoo, nikajibanza huku nyuma. Nikajisikia mtu. Mama Berthe akanikonyeza. "Sasa hivi iko narudia."

Hakurudi. Akakaa. Akaagiza lituma na samaki. Mama Berthe akamwambia taratibu kwamba Timothée iko hapa, nyuma. Maana yake: inuka, mama, nenda zako. Nikasikia jibu vizuri sana.

"Najua. Yee alete maji ya kunawa."

Nikatoka. Ningefanyaje? Nikammiminia maji, macho chini, naona mikono yake tu. Alinawa kidole kwa kidole. Kisha akamega, akala. Mbele yangu, bila haraka. Akafyonza kichwa cha samaki mpaka kikabaki mfupa. Bavon, meza ya pili, akaacha kula akawa anatazama ukuta. Mama Berthe akaanza kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka.

"Lituma iko bien. Ni weye ulitwanga?"

Ndiyo, mama.

"Unajua kazi."

Akaomba sahani nyingine.

Sijawahi kutukanwa hivi, na hakuna neno baya hata moja lililosemwa. Angenifukuza ningemjibu. Kumbe hata lile benchi halikuwa heshima, nilikuwa nafichwa tu. Nina hasira. Na bado nampenda yule msichana, huo ndio ubaya wake.

Emilie hajagusa chakula chake. Nimeliona hilo na nimelishikilia. Hajala, basi yuko upande wangu.

Amekuja huku jikoni sasa hivi, peke yake. Nikamuuliza kwa sauti ya chini: ulimwambia kweli, mimi ni nani kwako?

"Nilimuambia yote."

Akajifuta jasho shingoni, akatazama ndoo zangu, sufuria, kila kitu isipokuwa mimi.

"Timothée," akasema. "Mama iko naomba pilipili."

Akarudi mezani. Kutoka hapa namwona, amevuta sahani yake karibu, anakula. Kikopo cha pilipili kiko mkononi mwangu. Mama Berthe ananitazama. Sahani ya pili ya mama yake inapoa.