Bunduki ya baba mkwe imefutika namba

Rozalia mbona hupokei simu?? Niko nje ya polisi Ngara.

Ni Audax, mume wangu. Unaikumbuka ile bunduki ya baba mkwe ya kufukuzia nguruwe pori? Leo ilikuwa ikaguliwe. Audax akaona ina kutu, akasema mzee ataaibika. Jana akaisugua kwa msasa na stilwaya ya masufuria, akaipaka mafuta ya kupikia, kitako akakipiga dawa ya viatu nyeusi. Iling'aa kama mpya, na mimi nikamsifia!!

Afande kuishika tu, viganja vyeusi. Watu wakacheka. Kisha akaigeuza akauliza, "Namba iko wapi?"

Rozalia, namba haipo. Audax kaisugua yote.

"Wanaofuta namba za bunduki ni majambazi. Nani kafuta?"

Audax akainama akaangalia viatu vyake. Nikamkanyaga mguu. Akauvuta tu!! Baba mkwe, mzee Idefonsi, ambaye sijawahi kumsikia akidanganya, akasema, "Ni mimi, afande. Macho yangu hayaoni vizuri."

Wakamwingiza ndani kuandika maelezo.

Sasa hivi Audax alijikaza akamfuata ili aseme ukweli. Mzee akamwahi mlangoni, akamnong'oneza, "Toka nje. Wewe una watoto wadogo."

Na akatoka, Rozalia. Mume wangu akatoka kweli. Amekaa hapa pembeni yangu analia, na mimi nashindwa hata kumwangalia.