Kima cha Chini, Mimi na Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Mdomo wangu umeniponza tena! Wakati wa chai Mwenyekiti wa chama chetu cha wafanyakazi alipanda juu ya kreti tupu, akatangaza: redio inaandaa mjadala Jumatano ya wiki ijayo. Kima cha chini cha mshahara kipandishwe au kiachwe? Na kikipanda, waajiri wakubwa kama kiwanda chetu cha mikate watafanya nini? Anatafutwa mtu wa kutusemea.

Hajamaliza, kitengo kizima cha ufungaji kikapiga kelele: "Kipaza! Kipaza!"

Ndiyo mimi. Nikimwita mtu, mashine ya kukata slesi inakuwa kama inanong'ona. Nikasema sawa, kichwa kimenivimba kama unga wa hamira. Sasa niko nyumbani. Kimenywea.

Jumanne, 4 Machi

Dada kapiga simu, anacheka mpaka kwikwi. Ati nikisie waajiri wamemchagua nani. Nikasema Meneja Mkuu. Wapi! "Shemeji yako!"

Mume wake! Mhasibu wa kiwanda hichohicho — yeye ghorofani kwenye feni, mimi chini kwenye joto la tanuri. Wamemtaka kwa sababu hapandishi sauti. Kweli bwana yule hata akikanyagwa mguu anaomba radhi yeye.

Nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu nikaacha. Shemeji ana akili. Atanimaliza.

Alhamisi, 6 Machi

Chakula kwa Dada. Sheria yake: mezani hakuna mishahara. Ilidumu mpaka supu.

Shemeji ndiye aliyeanza! Unga umepanda, umeme umepanda, na mshahara nao ukipanda mkate utapanda bei. "Na wanunuzi ni nani, Shemeji? Si nyinyi wenyewe?"

"Tutaununua kwa mshahara ulioongezwa!" Dada akanipigia makofi, kisha akakumbuka sheria yake.

Lakini kuna jambo alilolisema polepole, na limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Ati kampuni kubwa haifukuzi watu kwa kelele. Inapunguza ovataimu. Mtu akiacha kazi, nafasi yake haijazwi. Kisha siku moja mnakuta mashine mpya imefunikwa turubai.

"Mashine ya kufanya nini?" nikauliza.

Akaangalia sahani. "Ya kufunga."

Ya kufunga! Mimi hapo. Bibi Nailoni hapo — mama mtu mzima anayesimama kulia kwangu, anafunga mifuko haraka hata macho hayafuati. Si yangu yanayoniuma. Mimi nitapata pengine. Yeye je?

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimevunjika mbavu. Dada alituona tumenuniana, kila mmoja anaficha karatasi zake, akaamua tubadilishane. Mimi niwe mwajiri, Shemeji awe mfungaji mikate. Yeye jaji, amekalia ndoo ya nguo.

Nikavaa koti la Shemeji. Nikaweka tumbo mbele. "Ndugu wafanyakazi, kampuni hii ni familia..." Nikamwaga hoja zao zote: ushindani, mikopo ya benki, viwanda vidogo vitakavyokufa kwanza kabla yetu. Niliongea vizuri mpaka nikajichukia!

Zamu ya Shemeji. Alianza na mzaha, akajifunga kanga ya Dada kiunoni. Kisha mzaha ukaisha. Akasema kila mwezi wafanyakazi wapya wanaacha kazi, kwa sababu mshahara haufiki mwisho wa mwezi. Wanaokuja wanaanza kufundishwa upya, na mikate inaharibika wakijifunza. Walinzi wa getini wanafanya kazi mbili, wanasinzia wima, na magunia ya sukari yanatoka. Akasema mshahara mdogo unaigharimu kampuni kuliko watu wanavyodhani. Hakusoma popote. Kanga imemteleza, hana habari.

Nikalivua koti lake.

"Shemeji," nikamwambia, "hayo umeyatoa wapi?"

"Nilikuwa nayajua siku zote. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Dada akasema jaji anahitaji kwenda kuanua nguo. Macho yalimlengalenga, nilimwona.

Jumatatu, 10 Machi

Sikuweza kuvumilia. Nimemweleza Bibi Nailoni habari ya mashine. Nilijiandaa kwa machozi. Yeye akaendelea kufunga tu.

"Kwa hiyo unataka kunyamaza kwa ajili yangu?"

Nikasema sijui.

"Mwanangu, usinifanye mimi kisingizio. Kanisemee. Kibarua kikiota nyasi, nitalala mpaka jua linichome — sijawahi tangu nizae."

Akacheka. Mimi pia. Baadaye nikamwona amesimama peke yake, anaitazama meza yetu ya kufungia, anaifuta ilhali ilikuwa safi.

Jumatano, 12 Machi

Naandikia gotini, kwenye ngazi za kituo cha redio. Ni mapumziko ya taarifa ya habari, kisha turudi kipindi cha pili. Natabasamu kama mwehu.

Studio ni chumba kidogo, kuta zimevishwa sponji. Mtangazaji ni mwanamke mchangamfu, sauti kubwa kuliko mwili. Aliniomba nisogee mbali kidogo na maikrofoni. Nikasogea. Akaniomba nisogee tena.

Tulianza kwa adabu. Shemeji akaeleza gharama, nami nikaeleza nauli na kodi ya nyumba. Akataja mashine, nikamjibu: mashine mnaileta hata mshahara usipopanda, basi tuongezeeni tungali tupo! Mtangazaji akacheka hewani.

Akapiga simu mama mmoja mwenye duka la maandazi, ana wasaidizi wawili. Kampuni kubwa zitaweza, akasema, mimi je? Tukatazamana na Shemeji. Nikakiri swali lake ni gumu, labda wadogo wapewe muda zaidi. Shemeji akasema anakubaliana nami. Waajiri huko walikosikiliza lazima walikohoa!

Ndipo Mtangazaji akamgeukia. "Mhasibu, tuache nadharia. Kiwanda chenu kinaweza kulipa kima kipya?"

Kwenye karatasi yake jibu lilikuwepo, nililiona: sentensi ndefu yenye "hata hivyo". Hakuisoma. Akaangalia maikrofoni kama mtu anayechungulia kisimani.

"Kinaweza," akasema. "Bila kumpunguza mtu hata mmoja. Kuna kutaka na kutotaka, basi."

Mtangazaji mwenyewe alisahau kusema twende kwenye habari.

Sasa Shemeji amekaa ngazi moja chini yangu. Dada kanitumia ujumbe: "Mume wangu huyo au mmenibadilishia?" Nimemsomea Shemeji mara mbili, mara mbili amecheka.

Simu ya Shemeji inaita. Meneja Mkuu. Ikanyamaza. Inaita tena.

"Nipokee, Shemeji?"

Nikamwambia kibarua ni chake, siwezi kumwamulia.

Mtangazaji katoa kichwa mlangoni, anatupungia mkono: dakika moja! Shemeji kasimama, anajifuta suruali. Simu ingali inaita kiganjani. Ameibonyeza, kaiweka sikioni.

"Ndiyo, bosi," anasema, taratibu kama kawaida yake. "Umesikia sawasawa. Usizime redio, tunarudi sasa hivi."