Ondiek, Uliyekiachia Kicheko Nafasi

Ni mwaka mzima sasa tangu presha ikuchukue ghafla, Ondiek wetu. Waliotuambia tutazoea hawakusema kweli.

Ulikuwa mwalimu darasani na mchekeshaji kila mahali. Hata matangani ulichekesha, wazee wakajifanya wanakohoa. Miaka nenda miaka rudi ulicheza mshenga katika ule mchezo wa zamani wa jukwaani, ambamo bwana harusi anaazima fahali wa mahari, kumbe mwenye fahali ni mjomba wa bibi harusi. Watu wa Pap Onditi walikuwa wameukariri, na bado walicheka mpaka machozi.

Ukaamua mchezo huo uwe filamu. Jukwaani fahali alikuwa watu wawili chini ya blanketi. Wewe ukapeleka fahali halisi ufukweni Dunga, akakanyaga dagaa, omena ya kina mama iliyoanikwa juani. Uliinunua yote, tukaila mpaka binti yako Sheryl akaomba sukuma wiki kwa unyenyekevu.

Kila baada ya mzaha uliitazama kamera ukanyamaza, kama ulivyozoea ukumbini. Calvince, mpiga picha wako, alitaka kuukata ule ukimya, akisema utaboesha watu.

"Usikate bana," ukamwambia. "Hapo watu watacheka. Wakicheka, maneno inafuata itapotea."

Hukuishi kuionyesha. Tuliionyesha sisi, kanisani Katito, kaburi lako likiwa bado bichi. Mzaha wa kwanza ukafika, nawe ukatutazama kutoka kwenye filamu, ukangoja. Hakuna aliyecheka. Tungecheka na nini?

Calvince akaomba tena akate. Mkeo Rachael akakataa.

"Wacha angoje," alisema. "Siku moja nitamchekea."

Amejaribu mwaka mzima, peke yake, kwenye simu. Jumapili iliyopita alijaribu mbele yetu sote. Alifungua mdomo, akakilazimisha kicheko, kikatoka kilio. Nawe pale kwenye kioo cha simu umeinua nyusi, unatabasamu, kama ulivyokuwa ukitungoja mezani tuelewe. Tunaumia, Ondiek, na hatuoni mwisho wake. Tulitamani hata mmoja wetu acheke, usije ukadhani umetuchosha. Ulingoja, kisha ukaendelea bila sisi.

Unakumbukwa na mkeo Rachael, binti yako Sheryl, mama yako Apiyo, ndugu yako Griffins, na Calvince, ambaye hajakata kitu.

Hatutakusahau kamwe, Mwalimu.