Nani Kauharibu Mtambo wa Baba

Jumamosi, Kilangali

Na mimi nilidhani namtetea mama!

"Ukoo wetu hatuna kansa," shangazi, dada yake baba, aliwaambia wageni waliokuja kumjulia hali baba. Nikamweleza kama ninavyowafundisha kidato cha nne: si lazima kurithi, shangazi. Ndani ya seli kuna mtambo unaonakili maagizo ya jeni. Ukiharibika, unaweza kunakili agizo la kugawanyika bila kukoma, na uvimbe ukaota.

"Sasa nani kauharibu?"

Nikasema hakuna mtu. Nani alinisikia? Wote walikuwa wanamtazama mama akimimina chai.

Chai ikapoa vikombeni. Baba naye, aliyeinywa chai ya mama tangu sijazaliwa, akasema hana kiu.