Warumi wa Baba Zeferino

Januari 9

Dada Etelvina,

Hujambo? Goti linasemaje? Mimi mzima kama fahali wa maonyesho. Nikipiga simu unanikatia, kwa hiyo barua nimempa mwuza mikate aitie kwenye mfuko wako wa mkate mlangoni. Mkate huwezi kuukatia.

Habari kubwa: nyumba yangu ya wageni imejaa! Mimi niliyeendesha lori kutoka Lyon mpaka Warszawa namjua mtu wa mjini. Anataka ndege wa mtoni, jiwe kuukuu, na sahani ya lamprea, yule samaki wetu mrefu kama nyoka, kwa wali uliopikwa kwa damu yake na divai. Jiwe tunalo. Nimesimamisha kibao kwenye ukuta wetu wa kuvulia, ule unaoingia mtoni: UKUTA WA WARUMI, MIAKA ELFU MBILI. Juzi wameshuka Wabelgiji kumi na wanne. Mmoja alilibusu jiwe, haki ya Mungu.

Usinune. Samaki ni wako, mimi nataka picha tu.

Mdogo wako mpendwa,
Belmiro

Januari 11

Belmiro,

Goti linauma, na leo umeniumiza na kichwa.

Warumi! Ukuta ule aliujenga Baba, mwaka mafuriko yalipong'oa ule wa zamani. Wewe ulikuwa na miaka minne, ukilia ubebwe. Mimi nilikuwa na kumi, nikimshikia kamba ndani ya maji ya mto Minho ya Februari. Jiwe moja lilimponda vidole viwili, akavifunga kwa tambara, akaendelea. Mrumi gani huyo? Nitajie jina lake nimwombee misa.

Na mwambie Mbelgiji wako, lile jiwe alilobusu ndilo mbuzi wangu wanalokojolea.

Ng'oa kibao.

Dada yako, kwa bahati mbaya,
Etelvina

Januari 20

Dada,

Salamu, na pole kwa kalamu yako, maana imetoboa karatasi.

Sikia mtu aliyetembea dunia. Nchi hii kila daraja ni la Warumi, hata lile alilojenga shemeji yake padri mwaka juzi. Nani atapanda treni kuja kumwona Zeferino? Hakujua hata kuandika jina lake. Mimi nimempandisha cheo! Nyie mliobaki kijijini mnakalia dhahabu mkidhani ni kigoda.

Kibao hakitoki.

Mdogo wako,
Belmiro

Februari 3

Belmiro,

Hali yako siulizi.

Leo asubuhi wamekuja wawili kutoka ofisi ya mambo ya kale, mabuti yao hata tope hayajaona. Picha za wageni wako zimewafikia. Wamezungusha utepe ukuta mzima. "Mama, ukiwa wa Warumi hauguswi mpaka uchunguzwe." Nikawaambia ni wa baba yangu. Yule mwanamke akatabasamu kama anaongea na kichaa, akanionyesha kibao: "Lakini ninyi wenyewe mmeandika."

Lamprea wanapanda mto sasa hivi, na Aprili wamekwisha. Nyavu zangu zinaning'inia bandani. Tangu Baba afe sijakosa msimu hata mmoja, hata mwaka niliomzika mume wangu. Uchunguzi, wamesema, huenda ukachukua miaka. Nina sabini na moja, Belmiro. Miaka hiyo sina.

Ili watoe utepe, wanataka aliyeweka kibao aandike kwamba alidanganya, ayasome maandishi hayo mbele ya watu kwenye ukumbi wa kijiji. Yaani wewe, bwana mkubwa wa Lyon.

Najua utachagua Warumi.

Etelvina, binti Zeferino

Februari 25

Dada yangu,

Natumaini u mzima. Mimi si mzima sana.

Wiki tatu nilitafuta uongo wa kuuokoa uongo. Sikuupata, na unajua mimi si mvivu katika kazi hiyo. Jana nimekwenda ukumbini. Kijiji kizima kilikuwepo isipokuwa wewe. Mzee Quintino akasimama, akapiga saluti: "Kaisari ameingia!" Mwingine akadakia, "Lori lako nalo lilivutwa na farasi wangapi?" Wakacheka mpaka mwenyekiti wa kijiji akafuta machozi.

Nikasoma. "Mimi, Belmiro, nimedanganya. Ukuta ulijengwa na Zeferino, baba yangu. Niliona haya kwamba hakuwa mtu mkubwa." Hapo hakuna aliyecheka. Nikatamani wacheke.

Ofisi imekubali, kesho wanatoa utepe. Kibao nimekipasua kuni. Wageni wa Machi wameghairi wote; ukuta wa mtu asiyejulikana hawautaki. Usiniandikie asante, sitajua pa kuiweka.

Mdogo wako,
Belmiro

Machi 2

Belmiro,

Nimezamisha nyavu. Siku ya kwanza saba, wanene, wanauma kama wewe.

Sijakusamehe, usijichangamshe.

Asubuhi hii wamepita wageni wawili kwa njia ya mtoni, mtu na mkewe, wanaangalia ndege kwa darubini. Wakauliza ukuta huu ni wa nani. Nikawaambia. Wakakaa chini kwenye mawe yenye umande wakasikiliza saa nzima, na mume akataka aandikiwe jina la Baba kwenye daftari lake. Nikaliandika kwa herufi kubwa. Mwanamke akauliza kama mjenzi aliacha watoto. Nikasema wawili: mmoja anavua, mwingine ni mwongo.

Wakauliza lamprea wanaliwa wapi. Nimewaelekeza kwako. Wanakuja kwa miguu na ndoo yenye samaki wawili hai, kwa sababu nalijua jiko lako, halina kitu. Mwuza mikate ana gari, barua hii itawatangulia.

Damu usiimwage. Divai usiifanyie ubahili. Na jitahidi usidanganye, angalau mpaka kahawa iletwe.

Dada yako,
Etelvina