Maji Niliyomwaga Nyuma ya Gari

Kijijini, juu ya Smolyan
Tarehe 20 Februari

Kwako mdogo wangu Velin,

Pokea salamu zangu na za Mama, na za wote waliomo nyumbani, ingawa nyumba yenyewe siku hizi ni watu wawili na paka. Sisi tu wazima, yaani wa kula na kuhema. Nawe huko Uhispania mgongo unaendeleaje? Mama aliota umebeba makreti ya machungwa huku unalia, akanisumbua tangu alfajiri nikuandikie ujifunge kitu cha sufu kiunoni. Haya, nimeandika. Jifunge.

Huku theluji bado inafika magotini. Mbuzi mweupe kazaa mapacha. Kalin jirani bado anasema ataoa, na bado hajapatikana wa kumtaka. Humu ndani utakuta uzi wa Machi wa kujifunga mkononi kwa heri, mwekundu na mweupe, Mama kausokota mwenyewe kwa kupapasa. Alikuwa ananiuliza mwekundu ni upi. Hizo ndizo habari njema, na zimekwisha.

Barua yako ya Krismasi nilimsomea, ila ukurasa wa pili niliuruka. Ule uliosema hutakuja Pasaka hii wala ijayo, kwa sababu huwezi kukaa meza moja na mama uliyempofusha kwa mikono yako. Nilimwambia tu kwamba kazi zimekuzidi. Akaniuliza kama mayai ya Pasaka yakipakiwa kwenye basi yatafika Uhispania bila kupasuka. Velin, mwaka na nusu nimekutazama ukibeba mzigo huu, na mimi pembeni nakuongezea mawe. Leo nisikilize mpaka mwisho, hata ukikasirika.

Unakumbuka Baba alivyokuwa na lile gari jekundu. Kila jioni alilaza kadibodi chini ya injini, na asubuhi kabla ya kahawa aliivuta akaisoma, kama wenzake wanavyosoma gazeti. Doa jeusi, oili. Doa la kijani, maji ya rejeta. Kadibodi kavu, safiri salama. Alikuwa akisema gari halimharibikii mtu ghafla. Linamwambia wiki nzima, ila mwenyewe ana shughuli. Na aliyekaa naye kwenye boneti miaka tisa ni nani? Ni mimi. Wewe ulikuwa unakuja kuchukua funguo tu. Nilijua kubadilisha mkanda wa feni kabla sijajua kukanda unga, na hata kanisani mikono yangu ilinuka oili.

Baba alipofariki, funguo ukapewa wewe. Hakuna aliyeamua, ilionekana tu kwamba mwanamume ndiye mwenye gari. Nilimeza. Lakini kadibodi sikuacha kuilaza, mazoea yana tabu. Agosti ile nikaona doa la kijani, dogo kama kifungo. Nikaja kukuambia kwamba mpira wa chini wa rejeta umechoka, uubadilishe kabla haujakuumbua njiani. Ulikuwa mbele ya duka na kina Kalin, mnakunywa bia. Ukanijibu mbele yao, "Dada, kaangalie sufuria zako kwanza, nazo zinavuja!" Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Najua umeshasahau. Mimi nakumbuka hata povu la bia lilikuwa upande gani wa mdomo wako.

Toka siku ile sikukusemesha tena. Nikajiambia, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sikuuliza guu litakalovunjika litakuwa la nani.

Septemba ndiyo ikaja habari ya jicho. La kushoto, unajua, lilikufa Mama akiwa mtoto. Alikuwa anaishi kwa la kulia. Jumamosi ile akasema anaona pazia jeusi linamshukia. Daktari wa Smolyan akatuambia ngozi ya nyuma ya jicho inabanduka, na kwamba Jumatatu saa tatu asubuhi lazima awe Plovdiv mbele ya daktari wa upasuaji, bila kuchelewa hata kidogo. Ukasema utampeleka wewe.

Jumatatu asubuhi nilivuta kadibodi. Doa halikuwa kifungo tena, lilikuwa sahani. Nilisimama nayo mkononi, nakusikia ndani ukimfunga Mama shali na kumtania kwamba amejipodoa kama bibi harusi. Zilikuwa hatua sita mpaka mlangoni. Sikuingia.

Nakwambia nilichowaza, bila kukitia sukari. Niliwaza kwamba gari litachemsha kwenye mlima wa kanisa, mbele ya duka, palepale uliponifanya kichekesho cha watu. Utafungua boneti, utaduwaa. Mimi nitashuka na spana yangu, kijiji kizima kikitazama. Mama atahamishiwa kwenye gari la Kalin na atafika mapema. Hata Kalin nilikuwa nimeshamwomba Jumapili asiende popote na gari lake asubuhi ile, maana doa nililiona likikua tangu juzi yake. Uliwahi kuniuliza kwa nini Kalin alikuwa amekaa kwenye usukani saa kumi na mbili asubuhi na shati lake la kanisani. Ndiyo sababu.

Kadibodi nikaificha nyuma ya kuni. Ulipoliwasha gari ukalisogeza mpaka getini, mstari wa kijani ukabaki juu ya mawe, na nikaogopa ungeuona kwenye kioo. Nikakimbilia ndoo. Nikamwaga maji nyuma ya gari, ndoo nzima, kama tunavyowamwagia wasafiri ili njia yao iteremke kama maji. Ukatoa kichwa dirishani ukacheka, ukaniambia kumbe dada nimekusamehe. Mstari ukasafika.

Gari likapita kanisa. Likapita duka. Nilisimama na ndoo tupu nikisubiri kusikia likikohoa, na halikukohoa. Mkono wa Baba ulikuwa umelitunza vizuri mno. Likaenda kupasukia milimani, kupita Chepelare, pasipo na nyumba wala mtandao wa simu. Kovu la kiganja chako, ulipofungua kifuniko cha rejeta kikiwa moto kwa kuhangaika, ni la siku ile. Saa nne nzima mlikaa pale, mpaka lori la magogo likawavuta. Mlifika saa nane, daktari keshaondoka. Kesho yake alipasua, kisha akasema ingekuwa jana asubuhi angeliokoa. Haya unayajua.

Na unajua nilivyokupokea. Nilisimama uani nikapiga kelele kwamba mwanamume gani hajui hata kupima maji ya gari. Nikasema mezani, nikasema kwa mashangazi, nikasema mpaka ukakata tiketi ya basi. Mdomo huu huu, Velin.

Basi ningeendelea kunyamaza, maana mwoga nimejijua. Anayenishinda ni Mama. Kila mgeni anayekuja kumpa pole, yeye humwambia asimhurumie. Anasema la mwisho aliloliona sawasawa katika dunia hii, alipogeukia kioo cha nyuma, ni Stamena wake akimwagia maji gari la mdogo wake, jua limepiga kwenye ndoo, na Velin anacheka. Anasema watoto wake walikuwa wamenuniana kiangazi kizima, Mungu akamwonyesha wamepatana, ndipo akamfunga jicho. Juzi kamsimulia padri, mpaka padri akafuta machozi. Mimi nilikuwa nimesimama hapo na sinia la kahawa.

Sijamwambia. Nikimwambia, wewe utakuwa huru, naye nitakuwa nimemnyang'anya kitu pekee anachokiona. Siwezi kulikata hili peke yangu, na sina haki ya kulikata bila wewe. Nimekutilia kipande cha kadibodi ile, doa limekauka lakini kijani chake bado kipo. Ukitaka kunitemea mate getini mbele ya kina Kalin, nitasimama unitemee. Lakini uje Pasaka, Velin. Hukumpofusha wewe.

Mama anakusalimu sana, amekaa hapa kando yangu anachambua maharage, anadhani nakuandikia habari za mbuzi. Anasema ukija na ukaondoka tena, safari hiyo ndoo tutaishika wote wawili, mimi na yeye.

Wako katika aibu na mapenzi,
dada yako,
Stamena