Mdudu Niliyempeleka Darasani

Nzilani, leo nimejiaibisha.

Unakumbuka Mwalimu Opondo akitufunza kwa darasa letu la jioni kimelea cha ugonjwa wa Chagas, kile kinabebwa na mdudu wa kuuma watu wakilala? Alisema kina aina saba hivi, kila moja na jeni zake. Sasa asubuhi nimepata mtoto wangu Kyalo ameumwa shavuni. Nikakamata mdudu, nikamfungia kwa kopo, jioni nikampeleka darasani.

"Mwalimu, huyu amebeba aina gani kati ya zile saba?"

Kati ya zile saba. Mimi huyo.

Akachungulia. "Mama Kyalo, Chagas ni ya Amerika Kusini. Huyu ni kunguni wa hapa kwetu Kisumu Ndogo."

Wenzetu walicheka sana. Mimi nilitaka kulia kwa furaha, mtoto wangu yuko sawa.

Saa hii nimefungua kopo, halina kitu. Na kule darasani, kabla nilifunike tena, tulikuwa tumeliweka wazi juu ya mkoba wa mwalimu.